Munionyeshe Mukifuta

Jirani yetu mmoja hapa Katwe, mama wa watoto wanne kutoka Kivu Kusini, hajui kusoma. Karatasi za hospitali anasomewa na mtoto wake wa kiume, ana miaka kumi na mbili. Mtoto anasoma tarehe ya kurudi, anasoma jina la dawa, anasoma na ugonjwa. Sasa mtoto anajua mambo ya mwili wa mama yake ambayo hakupaswa kuyajua, na mama anajua kwamba mtoto anajua. Wote wawili wananyamaza.

Siku moja alituuliza, "Ninyi batoto ba kompyuta, hamuwezi kunitengenezea kitu inanikumbusha dawa, bila kuuliza mutoto?"

Hapo ndipo kazi yetu ilianza. Sisi tulioandika haya ni vijana watano. Hakuna aliyesoma chuo kikuu, tuliishia sekondari, na wawili kati yetu tulijitolea kambi ya Nakivale kabla ya kuja mjini. Tunataka kuwaambia tulichotengeneza, kosa tulilofanya, na kile tunachofikiri vijana wenzetu na wafanyakazi wa mashirika wanapaswa kudai kabla ya kuruhusu mashine yoyote isikilize watu wetu.

Mtu atauliza, si simu zina msaidizi wa sauti tayari? Ndiyo, zinazo, na tusidanganyane, zile za makampuni makubwa zina akili na haraka kuliko yetu. Lakini mara nyingi sauti yako inasafiri mpaka kwenye kompyuta za kampuni, mbali, ndipo jibu lirudi. Mwaka 2019 magazeti ya nje yaliandika kwamba Amazon na Apple walikuwa na watu wanaosikiliza sehemu ya rekodi za wateja ili kuboresha mashine. Na kuanzia tarehe 28 Machi 2025, Amazon iliondoa chaguo lililowaruhusu baadhi ya wenye spika za Echo kukataa sauti zao zisitumwe. Mteja alikuwa na mlango wa kufunga, kisha mwenye kampuni akauondoa.

Kuna tena jambo la intaneti yenyewe. MB zinakwisha, hilo kila mtu analijua. Lakini Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Dawa haingoji uchaguzi uishe.

Basi tulitafuta njia ya programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuutumia bila kulipa. Tulichanga pesa, tukanunua laptopu iliyotumika mjini, upande wa Mutaasa Kafeero, shilingi laki nne, yenye memori ya GB 8. Tukaongeza maiki ndogo na spika ya kuchaji.

Kazi imegawanyika katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inageuza sauti kuwa maandishi: tulitumia Whisper, ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa wazi Septemba 2022. Sehemu ya pili inaelewa maandishi yale na kufanya kazi: hapo kuna Home Assistant, mradi ulioanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013 kwa ajili ya kuendesha vitu vya nyumbani, na ambao mwaka 2023 waliutangaza kuwa mwaka wao wa sauti. Sehemu ya tatu inageuza jibu kuwa sauti: hiyo ni Piper. Unapakua zote mara moja, kwenye Wi-Fi ya mtu mwenye roho nzuri. Baada ya hapo unachomoa intaneti na mashine inaendelea kufanya kazi.

Kwenye Piper tulikuta jambo lililotufurahisha. Sauti yake ya Kiswahili imewekewa alama ya Kongo, si ya Kenya wala Tanzania. Mama alipoisikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Huyu anasema sawa mutu wa radio, lakini ni mutu wa kwetu."

Kusikia ndiko kulikuwa shida. Whisper ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, ila theluthi mbili hivi ni Kiingereza kitupu. Lugha nyingine 96 ziligawana saa 117,000 tu, na Kiswahili kilipata kidogo sana humo. Na Kiswahili cha mama si cha kitabu. Anachanganya Kifaransa kwenye tarehe, anasema "mutoto" na "unikumbushie". Mwanzoni tulimwambia, mama, sema polepole, sema "tarehe kumi na tano". Akatutazama. Akasema ameongea namna hii tangu kuzaliwa, hata hakimu alimwelewa. Tuliona aibu. Tukaacha kumfundisha mama kusema na mashine, tukakaa naye jioni nzima tukiandika sentensi zake jinsi anavyozisema, moja moja, na kuziweka ndani. Hiyo ndiyo faida ya kitu kilicho wazi, unaweza kukipinda kifuate mtu.

Kichekesho kilikuwa cha saa. Mama alisema, "Unikumbushie saa mbili." Kiswahili chetu saa mbili ni asubuhi watoto wakiwa wameshaenda shule, na Waganda nao wanahesabu hivyo hivyo, ssaawa bbiri. Lakini sisi tulikuwa tumenakili mfano wa Kiingereza. Mashine ililia saa nane za usiku, nyumba nzima ya mizigo ikaamka, mzee wa chumba cha mwisho akatoka na fimbo akidhani ni wezi. Tuliongeza kanuni ya masaa sita, tukaomba msamaha kila mlango.

Kuhusu jina la dawa, mama mwenyewe ndiye alipata suluhisho. Alisema, "Tuiite chai." Kwa hiyo kila asubuhi mashine inasema, "Mama, chai yako." Mgeni akiwepo hasikii neno baya. Mtoto naye alijua, lakini siku hizi haulizwi kitu.

Sasa tuje kwenye kosa letu.

Siku za kwanza, mashine ilipokuwa haimsikii mama, tuliwasha kipengele kinachohifadhi kila sauti inayoingia kama faili, ili tusikilize na kujua tatizo liko wapi. Ni kitu cha kawaida kwa watengenezaji. Tulirekebisha tatizo, tukafurahi, tukasahau kukizima. Tena mashine ilikuwa inaamka kwa neno la kuamsha, na mara nyingi iliamka yenyewe ikisikia redio au mtu akiita jina linalofanana.

Baada ya wiki tatu diski ilijaa. Mmoja wetu alifungua folda akitafuta cha kupunguza, akakuta mamia ya faili za sauti. Alifungua moja kabla ya kuelewa ni nini. Ilikuwa sauti ya mama akirudia jina la dawa yake, jina la kweli, mara tatu, kabla hatujaiita chai. Nyingine ilikuwa jirani akizungumza na mume wake juu ya deni. Nyingine ni mtoto analia.

Hakuna faili iliyotoka nje ya laptopu ile. Hakuna kampuni iliyosikia. Lakini sisi tulisikia, na sisi ndio tunaokutana na mama kila siku bombani. Kwake yeye, nani ni hatari zaidi: mtu wa ng'ambo asiyemjua, au kijana wa jirani anayejua jina lake?

Tulibishana usiku ule. Mmoja alisema tufute kimya kimya, mama asijue, tusimvunje moyo. Wengine tulikataa. Asubuhi tulikwenda wote watano tukamwambia. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema maneno mawili tu: "Futeni. Na munionyeshe mukifuta."

Tulikaa naye mbele ya skrini. Hajui kusoma, lakini anajua kuhesabu mistari na anajua sauti yake. Tulimchezea faili za kwake alizotaka kusikia, tukazifuta mbele yake. Za majirani tulizifuta baada ya kwenda kuwaambia wenyewe. Folda ikabaki tupu, akaona tupu. Kisha tulizima ile hifadhi, tukaondoa neno la kuamsha kabisa. Sasa mashine haisikilizi mpaka mama abonyeze kitufe kilichobandikwa kipande cha kitenge chekundu.

Ndiyo maana tunaandika. Watu wengi wanafikiri kitu kikiwa nyumbani, na kikiwa huria, basi siri iko salama yenyewe. Hapana. Msimbo kuwa wazi unakupa ruhusa ya kuangalia, lakini kuangalia ni kazi yako. Sisi hatukuangalia kwa wiki tatu. Tofauti yetu na wengine ni moja tu, kwamba mama alijua mlango wa kugonga, na alipodai tufute aliona kwa macho yake.

Linganisha na hili. Kuna mradi ulipita kwetu siku za nyuma, hatuutaji, wakarekodi vijana wakisoma sentensi za Kiswahili na kusimulia maisha yao. Tulisaini karatasi ya Kiingereza, tukapewa soda na nauli. Hatujui sauti zile ziko wapi leo. Hatusemi waliziuza, labda zimefanya kazi nzuri sana. Tunasema hatuna mlango wa kugonga.

Kwa mkimbizi hili si jambo dogo. Sauti yetu inabeba kesi yetu. Inasema tulitoka kijiji gani, tulimkimbia nani, ndugu yupi alibaki. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kwamba taarifa za wakimbizi wa Rohingya, zilizokusanywa na UNHCR Bangladesh, zilifika kwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia, na kwamba wengi waliohojiwa hawakuelezwa vizuri. UNHCR ilijibu kwamba watu walielezwa na waliulizwa ridhaa. Tusiingie kwenye ubishi wao. Linalotugusa ni kwamba watu walitoa taarifa wakitafuta msaada, na taarifa ikafika mahali ambapo wengi wao hawakutegemea.

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na inazungumzia ridhaa. Ni nzuri. Lakini ridhaa ya mtu aliye kwenye foleni tangu alfajiri, akiogopa kukosa huduma, ni ridhaa gani? Tulipojitolea Nakivale tuliwaona watu wanaweka kidole gumba kabla hata hatujamaliza kueleza. Sisi wenyewe tuliwaharakisha, foleni ilikuwa ndefu.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, mkituletea kifaa au programu ya sauti, tunaomba mambo matatu. Kwanza, mtuambie kwa Kiswahili cha kawaida sauti inakwenda wapi na inakaa siku ngapi. Pili, muwepo mtu wa hapa Kampala, mwenye jina na mlango, ambaye tunaweza kumwendea. Tatu, mtuonyeshe mkifuta. Kama mradi hauwezi kuonyesha kufuta, basi usianze kurekodi. Na kama kazi inaweza kufanyika kwenye laptopu ya laki nne bila intaneti, mtueleze kwa nini lazima ipelekwe ng'ambo.

Mtatuambia hii haiwezi kuenea, vijana watano hawawezi kumhudumia kila mama. Ni kweli. Yetu inachukua sekunde nane kujibu, na bado inakosea. Yaka ikiisha nayo inalala. Inasaidia familia moja, na sasa ya pili imeomba. Hatusemi kila nyumba iwe na kitu hiki. Tunasema wakubwa wasidai kidogo kuliko kile mama wa Katwe alichodai kwa watoto wa jirani.

Na kwenu vijana wenzetu, msiogope. Msimbo hauulizi cheti. Sisi tulijifunza kwa kuharibu na kurudia, usiku, wakati MB ni rahisi. Lakini kabla hujamwambia mtu yeyote "sema hapa", fungua folda uone kinachohifadhiwa, zima usichohitaji, halafu mfundishe mwenye sauti namna ya kuzima mwenyewe. Anza na hilo, mambo ya kupendeza yatakuja baadaye.

Mama bado anatuangalia. Kila Jumamosi tukija kusafisha laptopu na kuongeza sentensi, anavuta kiti karibu na skrini na kutuambia tufungue ile folda kwanza. Tunafungua. Iko tupu. Ndipo anatukaribisha chai, ya kweli.