Mtoto anayezama hapigi kelele

Hapa Kalemie bwawa la kuogelea la watoto wetu ni ziwa. Tunashuka na basini za vyombo, tunafua, tunaongea, tukifikiri mtoto akizama tutamsikia. Hatutamsikia. Akizama hana pumzi ya kuita. Anaenda kimya, dakika chache tu, hata kwenye maji yanayotufika magotini. Na dada yake wa miaka saba si mlinzi, naye ni mtoto.

Basi tukifika, mama mmoja asifue (nguo zake tutamfulia). Akae, ahesabu vichwa, kisha apokewe na mwingine. Awe na bidoni tupu iliyofungwa vizuri: inaelea, ya kumrushia mtoto aishike. Kwenye Lukuga, maji yanapovuta kutoka ziwani, watoto wasiingie kabisa.