Umeme Haukaririwi

Kila mtihani wa Fizikia ukaribiapo, wanafunzi wengi wa sekondari hukariri kanuni za umeme kana kwamba ni mashairi. Wanajua kwamba volti ni zao la mkondo na ukinzani. Hawajui mkondo wenyewe umepita wapi. Hiyo si elimu. Ni shehena inayopakiwa ili ishushwe katika chumba cha mtihani.

Lichukuliwe swali la kawaida. Betri ya volti 9, ambayo ukinzani wake wa ndani hauhesabiwi, imeunganishwa na kikinzani cha omu 1, kikifuatiwa na vikinzani viwili vilivyo sambamba, cha omu 6 na cha omu 3. Mkariri hujumlisha vyote, akapata omu 10 na mkondo wa ampea 0.9. Hakukosea kujumlisha wala kugawanya. Amekosea kwa kutoitazama njia. Umeme ufikapo njia panda hugawanyika, na njia mbili huupitisha kwa wepesi kuliko moja. Kwa hiyo omu 6 na omu 3 zilizo sambamba ni sawa na omu 2 tu. Jumla ni omu 3, na mkondo ni ampea 3. Kikinzani cha kwanza huchukua volti 3, zikabaki volti 6 kwa kila tawi: ampea 1 hupita katika omu 6, na ampea 2 katika omu 3. Hapo aliyeelewa hujihakiki mwenyewe: kilichoingia njia panda ni sawa na kilichotoka. Kanuni hiyo aliitoa Gustav Kirchhoff mwaka 1845, angali mwanafunzi wa chuo kikuu.

Wapo walimu watakaosema kwamba muda ni mfupi, madarasa yamejaa, na shule hupimwa kwa idadi ya waliofaulu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Dakika mbili za kuchora njia ya mkondo huokoa swali zima. Betri za tochi, nyaya na balbu mbili zatosha kuonyesha kwamba katika mfululizo balbu moja ikifunguliwa nyingine huzimika, na katika usambamba nyingine huendelea kuwaka. Tena, kwa kuwa somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, ni vema mwanafunzi aieleze kwanza sakiti kwa Kiswahili, ndipo aandike.

Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya mitihani ipimayo uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa yatakiwapo. Onyo hilo halijachakaa. Hapana budi watunga mitihani waulize sababu pamoja na jibu, na wathibiti ubora wadai kuona majaribio, si madaftari yaliyojaa tu. Kijana huyu ndiye atakayefunga umeme katika zahanati ya kijiji kesho, na nyaya hazisomi cheti.