Makampuni yajifunze kwanza kwa wafanyabiashara wa Garissa

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika miaka ya karibuni, Kaskazini Mashariki mwa Kenya imepokea wageni wa aina mpya. Mabenki, kampuni za simu na wakfu wao huja na miradi ya kuwafunza vijana na akina mama ujasiriamali, na baadhi ya wafanyakazi wao hujitolea kuwashauri wale wanaoanza biashara. Nia hiyo ni njema wala haistahili kubezwa. Hata hivyo, yafaa tuulize iwapo mwenyeji anapona kweli.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuhudhuria mafunzo ya aina hiyo katika ukumbi mmoja mjini Garissa. Waliohudhuria wengi wao walikuwa akina mama wauzao maziwa ya ngamia. Mshauri, kijana mchangamfu aliyewasili kutoka Nairobi usiku uliotangulia, alizungumza kwa Kiingereza kwa muda wa saa mbili akieleza namna ya kuandika mpango wa biashara. Alipomaliza, mama mmoja aliinua mkono akauliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, huo mkopo wenu una riba?" Kijana akajibu kwa furaha kwamba riba yao ni ya chini mno. Mama akamshukuru, akajitanda mtandio wake, akaondoka. Wenzake kadhaa wakamfuata.

Kijana yule hakukosea hesabu. Alichokosa ni kumjua aliyekuwa akizungumza naye. Kwa Mwislamu anayeishika dini yake, riba ya chini ni riba vilevile, na jambo hilo angeambiwa na mtoto yeyote wa mjini Garissa lau angeuliza kabla ya kuanza kufundisha.

Mimi ni mtu wa isimu, na kazi yangu ni maneno. Neno mjasiriamali limeundwa kutokana na jasiri na mali, yaani mtu athubutuye kuitia mali yake hatarini akitarajia faida. Kwa fasili hiyo, ni nani mjasiriamali zaidi ya yule anayeswaga ng'ombe kwa siku nyingi kutoka upande wa mpaka wa Somalia hadi soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki, bila kujua bei atakayoikuta? Katika soko hilo yupo dilaal, ambaye jina lake ni ndugu wa dalali wetu, kwani maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. Kazi yake si kuwaunganisha muuzaji na mnunuzi tu, bali pia kudhamini kwamba mnyama si wa wizi. Akina mama nao wana ayuuto, mchango wa zamu ambao mtu huupokea wote kwa mkupuo zamu yake ifikapo, bila riba. Biashara ipo, mtaji upo na dhamana ipo. Kisichokuwepo ni jicho la mgeni la kuyaona hayo.

Upofu huo una historia. Hali ya hatari iliyotangazwa katika eneo hilo mwaka 1963 haikuondolewa hadi 1991. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 nao ulielekeza fedha za maendeleo mahali palipotarajiwa kuleta mazao mengi zaidi, na nyanda kame zikaachwa nyuma. Mabenki yakafuata mkondo huo: yalitaka hati ya shamba, na mwenye ngamia hamsini akahesabiwa kuwa hana kitu. Ilhali Kisomali kina neno xoolo, lenye maana ya mifugo na pia ya mali. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika nayo imeitaja mifugo bayana miongoni mwa vitu vinavyoweza kuwekwa rehani. Mabenki ya Nairobi yalichelewa kuifikia kamusi ya Garissa.

Wako waliojifunza mapema. Mwaka 2013, kampuni ya Takaful Insurance of Africa, ikishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ilianzisha Wajir bima ya mifugo inayofuata sharia ya Kiislamu. Satelaiti hupima hali ya malisho, na yakikauka kupita kiwango kilichokubaliwa, mfugaji hulipwa. Malipo ya kwanza yalitolewa Machi 2014. Bima hiyo haijamaliza matatizo ya ukame, lakini ilianza na maswali mawili yaliyo sahihi: watu hawa wanamiliki nini, na dini yao inawaruhusu nini?

Linganisha na jina la mradi wa wakfu wa benki ya KCB wa kuwafunza vijana kazi, 2Jiajiri, uliozinduliwa mwaka 2016. Ili tarakimu hiyo isomeke "tu", sharti msomaji ajue kwanza namna Waingereza wanavyoitamka. Kijana wa Nairobi hutabasamu; mzee wa Modogashe atasoma "mbili jiajiri" na kushangaa. Ni jambo dogo, lakini jina la mradi ni mlango wake, na mlango huonyesha nyumba ilijengewa nani.

Sisemi kwamba mwenyeji anajua kila kitu. Ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, uliwafilisi hata wafugaji hodari. Maarifa ya kuweka hesabu, kusindika maziwa na kutafuta masoko ya mbali yanahitajika sana. Wala sisahau hofu ya usalama: shambulio la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa liliua watu 148, na walimu wengi wasio wenyeji walilihama eneo hilo kwa kuhofia mashambulio. Simlaumu mshauri anayeogopa kukaa. Lakini ushauri ni malezi, na malezi hayafanywi kwa siku moja na nusu.

Basi makampuni yafanye mambo matatu. Yatafute washauri miongoni mwa wafanyabiashara wa Garissa na wa Eastleigh, yawalipe kwa muda wao. Yaondoe riba, kwa kuwa benki za Kiislamu zilizofunguliwa nchini mwaka 2008 zimeonyesha kuwa inawezekana. Na yaendeshe mafunzo kwa Kisomali na Kiswahili.

Hapo ndipo wanafunzi na walimu wa eneo hilo wanapohitajika. Chuo kile kilifunguliwa tena mwaka 2016 na kupata hati yake kamili mwaka 2017. Mwanafunzi wake anayejua Kisomali, Kiswahili na Kiingereza ndiye mshauri ambaye kampuni humtafuta Nairobi. Asingoje kufunzwa ujasiriamali ukumbini. Aende kwa mama yake sokoni, amwandikie hesabu zake, kisha awaletee wageni somo.