Lebo Haimpi Mwanamke Shamba

Hoja iliyochapishwa inasema hivi: mnunuzi wa Ulaya akichagua kahawa yenye lebo ya biashara ya haki, mwanamke mkulima wa Burundi, hadi Nyanza-Lac kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ameshainuliwa. Hoja tamu, ila imeliruka shamba.

Dai bovu kuliko yote ni kwamba pesa humfikia mwanamke moja kwa moja. Kwa njia ipi? Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi. Mila ndiyo inayoamua, na mila humpa ardhi mtoto wa kiume. Mwanamke anapalilia, anachuma, anachambua buni mbivu na mbichi, anabeba kikapu hadi kituo cha kuoshea kahawa. Mwenye mibuni ni mume, na mwenye mibuni ndiye anayelipwa.

Halafu, kahawa gani ya ufukweni Nyanza-Lac? Arabika inasitawi milimani, Kayanza na Ngozi. Ufukwe wa Tanganyika hadi Rumonge ni nchi ya michikichi. Wanawake huko huchemsha chikichi kwenye mapipa, hukamua, huuza mawese. Familia nyingi zilikimbia mauaji ya mwaka 1972, zikarudi na kukuta mashamba yao mikononi mwa wengine. Mjane wa hapo anahitaji ardhi yake kabla ya lebo ya mtu yeyote.

Mnunuzi anayejali ana kazi ya kufanya. Atafute kahawa ya wanawake wa IWCA Burundi, tawi la muungano wa kimataifa wa wanawake wa kahawa, ambao hulipwa wenyewe nyongeza ya bei. Chapa nyingine aziulize swali moja: stakabadhi ya malipo ina jina la nani?