Mashindano ya Wawindaji wa Ayala

Katika jimbo la Wisconsin, lililo kaskazini mwa nchi ya Marekani, watu wengi hungojea mwezi wa Novemba kwa shauku. Jumamosi iliyo kabla ya Sikukuu ya Shukrani ndipo msimu wa kuwinda ayala kwa bunduki hufunguliwa, nao hudumu siku 9 tu. Ayala ana umbo lililo karibu na la kulungu, lakini pembe za dume huanguka kila mwaka wakati wa baridi, na nyingine huota mahali pake.

Wawindaji walio marafiki hupenda kushindana. Pengine kila mmoja hutoa fedha kidogo, zikawekwa pamoja. Naye apataye dume mwenye pembe kubwa kuliko wote huzitwaa. Pembe hupimwa kwa inchi, na matawi yake huhesabiwa. Wako wasemao kwamba mashindano ya namna hii ni mabaya, maana huleta wivu. Mimi sisemi hivyo. Kushindana kwa marafiki huwatia watu bidii, tena huwachekesha jioni wakaapo motoni. Nasema tu kwamba kipimo chao hakifai.

Ukubwa wa pembe si kazi ya mwindaji. Hutokana na umri wa mnyama, na malisho yake, na ukoo wake. Mtu mvivu aweza kuketi chini ya mti, akapitiwa na dume mkubwa kwa bahati. Na mwenzake aliyejitayarisha mwezi mzima asione kitu. Tena kipimo hiki huamsha tamaa. Jua likichwa, mtu huona pembe kubwa mbali kati ya miti, akapiga kabla ya kuona vema. Pengine mnyama hukimbia na jeraha, akafa kwa maumivu asikoonekana, na nyama yake ikapotea bure. Pengine aliye nyuma ya mnyama ni mtu.

Basi, nionavyo mimi, heshima yampasa mwenye kujitayarisha. Mwindaji mwema huanza mapema. Huijaribu bunduki yake kwa shabaha iliyo umbali wa yadi 100, hata ajue hakika risasi yaenda wapi. Huingia mwituni kutazama nyayo, na miti iliyochubuliwa kwa pembe, na njia ziendazo penye malisho. Huujua upepo, kwa kuwa ayala hunusa harufu ya mtu kwa mbali. Huukagua mkanda wa kujifungia mtini, maana wengi huumia kwa kuanguka kutoka vikao vya juu. Huweka tayari nguo yake ya rangi kali, kama ya chungwa lililoiva, ili wenziwe wamwone na kumjua kuwa ni mtu.

Tena kujizuia ndiko kulikowaponya ayala wenyewe. Kufikia mwaka 1900 walikuwa wamebaki wachache sana katika nchi ya Marekani, kwa kuwa watu waliwaua bila kiasi na kuuza nyama na ngozi. Sheria zikawekwa za kuweka msimu na hesabu, na wawindaji wakazishika. Tena kwa sheria ya mwaka 1937, kodi itozwayo juu ya bunduki na risasi hutumika kuwatunza wanyama wa mwitu. Leo ayala ni mamilioni.

Kama ningeombwa niamue, fedha zile ningempa yule aliyemwangusha mnyama kwa risasi moja, asiteseke. Au yule aliyeishusha bunduki yake kwa sababu hakuona vema. Hata akirudi nyumbani mikono mitupu, huyo ameshinda, maana mwitu hauna mwamuzi wa kumwona, naye ametenda haki peke yake.

Ninyi nanyi, mshindanapo darasani au uwanjani, tazameni kwanza ni kitu gani kinachopimwa. Kipimo kibaya huuharibu hata mchezo mzuri.