Stanley Laki Tatu, Tippu Tip Nyongeza

Miezi kadhaa iliyopita nilipeleka vitabu viwili kwa muuzaji mmoja wa vitabu vya kale hapa Dar es Salaam. Simtaji jina, na wala sina ugomvi naye. Kahawa yake nimeinywa mara nyingi. Cha kwanza kilikuwa juzuu moja ya *Through the Dark Continent* cha Henry Morton Stanley, kitabu kilichotoka mwaka 1878 kwa juzuu mbili. Juzuu yangu ilikuwa peke yake, mgongo umelegea, ramani imechanika. Cha pili kilikuwa *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip*, chapa ya East African Literature Bureau ya mwaka 1966, Kiswahili upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley upande wa pili, jalada la karatasi.

Stanley akamfungua taratibu, kama mtu anayefungua barua ya benki. Akanusa. Akahesabu picha. "Laki tatu," akasema, "na tunaweza kuelewana." Tippu Tip akamgeuza mara moja tu, mbele na nyuma, akanirudishia. "Hiki kaka kitanijazia nafasi tu. Labda kiwe nyongeza kwenye hicho kikubwa."

Nyongeza! Kama kipande cha sabuni unachopewa ukinunua ndoo.

Sasa hebu tuelewane hapa ndugu msomaji, maana wengine mtasema soko ndilo linaloamua. Mwaka 1876 Stanley alifika Manyema akitaka kuufuata mto Lualaba. Alimkuta Tippu Tip, wakapatana malipo, Tippu Tip akamsindikiza na watu wake sehemu ya safari, kisha wakaachana. Safari moja, watu wawili, vitabu viwili. Stanley aliandika chake kwa wasomaji wa London na New York. Tippu Tip naye, akiwa mzee Zanzibar, aliandika chake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na humo analalamika kuhusu malipo aliyoahidiwa. Kwa mtu anayetaka historia, vitabu hivi ni shahidi na shahidi. Ukimsikiliza mmoja na mwingine ukamfanya nyongeza, umeshatoa hukumu kabla ya kesi.

Na msiniambie Tippu Tip alikuwa mtu mbaya. Najua. Alifanya biashara ya pembe na ya watumwa, na vilio vya watu wa Manyema havifutiki. Ndiyo maana nataka maneno yake mwenyewe, niyapime. Mbona Stanley, ambaye naye hakupita huko kwa upole, hatuulizwi tabia yake tunapohesabu laki tatu?

Hili si suala la muuzaji mmoja. Ni mizani nzima ya biashara yetu. Tazama orodha yoyote ya vitabu vya kale kuhusu Afrika ya Mashariki. Burton, *The Lake Regions of Central Africa*, 1860: utapewa aya nzima, ngozi ya jalada, rangi ya kingo, picha zote zipo, jina la aliyekimiliki zamani. Chini yake, kama kipo, kitabu cha Kiswahili: "kijitabu, kimechakaa." Basi. Wakati mwingine hata jina la mwandishi halimo. *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903, mpaka leo kinaorodheshwa kwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri. Sehemu kubwa ya maneno ya humo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ukimtafuta Mtoro kwenye orodha humpati, ukimtafuta Velten unampata. Hivyo hata anayetaka kununua anapotezwa njia.

Wenzangu wa biashara wana jibu lao: kitu kina bei kwa sababu ni adimu. Haya, tuhesabu uadimu. Burton alichapwa kwa karatasi nzuri, akavikwa jalada gumu, akanunuliwa na vyuo na matajiri, akawekwa kwenye makabati ya vioo. Leo yupo katika maktaba za dunia nzima, na kwenye intaneti unamsoma bure. Hawezi kupotea hata tukitaka. Kijitabu cha Kiswahili kilichapwa kwa karatasi hafifu, kikabanwa na pini mbili za chuma. Hewa ya pwani inakula pini, kutu inakula karatasi, kurasa za katikati zinaachia kwanza. Kilisomwa shuleni na watoto arobaini, kikaazimwa, kikalala juu ya kabati na mende. Hakuna aliyekipeleka kwa fundi wa majalada, kwa sababu gharama ya jalada ingezidi bei ya kitabu. Sasa niambieni, kati ya hivi viwili, kipi kitatoweka?

Tunachouza kwa jina la uadimu ni heshima. Tunauza kitu kinachopendeza sebuleni kwa mgeni. Ndiyo maana kuna watu wanakata ramani na picha kutoka vitabu vizima, wanazitia fremu, wanaziuza moja moja, kisha maandishi yanatupwa. Hata huyo Burton mnayemheshimu hamumsomi.

Nimeongea kwa ukali, basi na dhambi yangu niiseme.

Nilipoanza kazi hii niliitwa kwenye nyumba moja Tanga. Mwalimu mstaafu alikuwa amefariki, watoto wake wanataka kusafisha chumba. Kulikuwa na boksi tatu. Nilichagua kama nilivyofundishwa na orodha za Ulaya: majalada magumu nikayaweka kulia, ya karatasi kushoto. Vya kulia nikavilipia vyote. Vya kushoto nikasema nitavipitia siku nyingine.

Katika vya kushoto kulikuwa na kimoja chembamba, hakina jalada, kurasa za mwanzo zimetoka. Nilikifungua katikati nikaona neno Mbega, tena Mbega, tena Mbega. Nikacheka. Nikadhani ni hadithi ya watoto kuhusu yule mnyama mweusi mwenye manyoya meupe wa misituni. Nikakirudisha bokisini.

Ilipita kama miaka miwili ndipo nikasoma *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, katika chapa ya mwaka 1962. Mbega ni mtu. Ni yule mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu akafika Usambara, akagawa nyama kwa watu mpaka wakamfanya mtawala, akawa babu wa akina Kimweri. Kabla ya hiyo chapa ya 1962, kitabu hicho kilikuwa kimechapwa kwa sehemu na misheni ya Magila, siku nyingi, hapo hapo mkoani Tanga. Sitajua kamwe nilishika nini siku ile. Huenda ilikuwa chapa ya zamani ya Magila, huenda ilikuwa ya baadaye tu iliyochakaa. Nilirudi Tanga. Mama mwenye nyumba alinipokea vizuri, akaniambia bila ubaya wowote: "Zile karatasi? Mwanangu si ulisema huzitaki? Tulimpa jirani muuza karanga."

Simlaumu yule mama, wala muuza karanga. Mimi ndiye niliyewaonyesha, kwa pesa taslimu, kipi ni kitabu na kipi ni karatasi. Familia hujifunza thamani kwa kutazama mkono wa mnunuzi. Nikilipa cha Kiingereza na kukiruka cha Kiswahili, nimefundisha somo ambalo hakuna semina ya utamaduni itakayolifuta.

Najua hoja nyingine, na hii ina uzito kidogo. Watasema vitabu hivi vya Kiswahili navyo vilipita mikononi mwa wakoloni: wamisionari walichapa, ofisi za serikali zilichagua kipi kitoke. Kweli. *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, kinawasifu Waingereza mpaka unajiuliza kimeandikwa kwa ajili ya nani. Lakini ni kitabu cha mtu wa jamii ya Freretown, Mombasa, anayesimulia waliyopitia wazee wake waliotolewa utumwani. Msomaji mwenye akili atayaona yote mawili. *Historia, Mila na Desturi za Wagogo* cha Mathias Mnyampala kilitolewa mwaka 1954 na ofisi ile ile ya kikoloni ya vitabu, lakini Mnyampala alikuwa Mgogo, akiandika habari za kwao. Huwezi kumkosoa mwandishi ambaye nakala zake zimeishia kufungia karanga. Kwanza kitabu kiwepo, halafu tugombane nacho.

Na nyie wasomaji msijifiche nyuma yangu. Mnasimama pale Posta, mnashika kijitabu cha miaka sitini, muuzaji anasema elfu tano, mnapiga kelele kama mmeibiwa. Jioni hiyo hiyo mnaagiza chipsi kuku kwa bei mara mbili na hamwombi kupunguziwa. Yule kijana wa barabarani anajifunza kwenu kama nilivyojifunza mimi. Wiki ijayo ataleta riwaya za mitumba na vitabu vya kujitajirisha, kwa sababu ndivyo mnavyolipia.

Kwa hiyo nasema tufanye nini? Mambo manne tu, na hakuna linalohitaji mfadhili. Muuzaji: andika jina la mwandishi wa kweli, na ukieleze kitabu cha Kiswahili kwa urefu ule ule unaompa Burton, kina kurasa ngapi, kimechapwa wapi, kinasimulia nini. Mkusanyaji: ukikipata ambacho hujakiona kwingine, kipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla hujakiuza au kukifungia kabatini, nakala uipeleke maktaba. Mnunuzi: lipa. Na wewe mwenye boksi la babu chini ya kitanda: usilitoe kwa kilo kabla mtu anayesoma Kiswahili hajalipitia, na asiwe mtu wa aina niliyokuwa mimi.

Tippu Tip sikumwacha awe nyongeza. Nilirudi naye nyumbani, na Stanley nikamuuza kwa laki mbili na nusu. Pesa hiyo imenunua vitabu kumi na saba vya Kiswahili, tisa kati yao havina jalada.

Siku hizi nikiitwa kwenye nyumba, hata kabla sijakaribishwa maji, nauliza vya Kiswahili viko wapi. Wenyewe hutazamana kwanza. Kisha mmoja anasema, "Aa, vile? Viko jikoni." Naanzia huko.