Vidonda vya moyo: faraja yetu inatosha?

Tarehe 27 Juni 2025 serikali ya Kongo na ya Rwanda zilitia sahihi mkataba wa amani huko Washington. Tarehe 19 Julai serikali yetu na AFC/M23 wakatia sahihi tamko la kanuni za amani huko Doha. Wengi wetu tulimshukuru Mungu. Lakini tangu Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari mwaka huo, na Bukavu katikati ya Februari, kuna watu ambao sahihi hizo peke yake haziwaponyi: mtoto wa miaka tisa aliyeanza tena kukojoa kitandani, kijana anayeruka kila mlango ukifungwa kwa kishindo, mama anayekaa katika ibada bila kusikia neno hata moja. Wengi wao wanakuja kwanza kwetu, kanisani. Na sisi tunawapa nini?

Kwa kawaida tunawapa maombi, maneno ya kutia moyo, na chakula kidogo kikipatikana. Hayo yote ni mema, wala hatusemi yaachwe. Swali ni kama yanatosha. Jibu moja tunalo, na limetoka katika vijiji vyetu wenyewe.

Mwaka wa 2013 jarida la uganga la New England Journal of Medicine lilitangaza uchunguzi uliofanywa mashariki ya Kongo, kwa wanawake 405 waliokutwa na jeuri ya ubakaji. Katika vijiji 8 wanawake walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja: kusikilizwa, kufarijiwa, kuelekezwa kwa huduma nyingine. Katika vijiji 7 walipewa matibabu ya kisaikolojia kwa mpango: kikao kimoja cha mtu peke yake, kisha vikao 11 katika kikundi kidogo. Humo walijifunza kutambua mawazo yanayowalemea, kama vile “mimi ndiye mwenye kosa”, na kuyapima kama ni ya kweli. Miezi sita baada ya matibabu, katika kundi la kwanza 42 kwa mia walikuwa bado na dalili za huzuni nzito ao wasiwasi mkali. Katika kundi la pili walikuwa 9 kwa mia.

Tuangalie vizuri: kundi la kwanza halikutupwa. Lilisikilizwa na watu wenye huruma, na wengi walipata nafuu. Huduma hiyo inafanana sana na ile tunayoitoa sisi wachungaji na mama mashemasi. Basi huruma ni mwanzo, lakini kidonda kirefu kinahitaji pia ufundi.

Jambo la pili linatupa tumaini. Walioongoza vikao hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake Wakongomani waliosoma angalau miaka minne baada ya shule ya msingi, wakafundishwa, kisha wakasimamiwa na wenye ujuzi zaidi. Hata wanawake wasiojua kusoma walishiriki. Watu wa namna hiyo wako katika kila parokia yetu.

Kwa watoto na vijana njia ni tofauti kidogo. Mtoto mdogo hawezi kueleza hofu yake kwa maneno. Anaieleza kwa mchezo na kwa picha anazochora, na mzazi wake anasaidiwa pamoja naye. Kijana anahitaji kundi la rika lake, afundishwe kutuliza mwili wake, kisha kusimulia polepole yaliyompata. Mwaka huohuo wa 2013 ulitangazwa uchunguzi wa wasichana 52 wa Kongo, wenye miaka 12 hadi 17, waliopita katika vita na jeuri. Waliopata vikao 15 vya namna hiyo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliokuwa bado wanangojea zamu yao.

Hapa tuseme waziwazi jambo lenye kutuuma. Mtoto asiyelala, anayepiga kelele usiku, anayekataa chakula, mahali pengine anaitwa mchawi, na wanaomwita hivyo wanavaa jina la kanisa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, mtoto aliyeona nyumba yake ikiungua hana haja ya kufungishwa njaa na kukemewa.

Tusome tena habari ya Elia katika 1 Wafalme 19. Mtumishi huyu mkubwa aliomba kufa. Mungu hakumkaripia kwamba imani yake ni haba. Alimpa usingizi na mkate, mara mbili. Kisha akamwuliza swali, akamwacha aeleze uchungu wake, naye akaueleza mara mbili kwa maneno yaleyale. Mwishoni akampa kazi, na Elisha wa kuwa mwenzake. Kulikuwa na utaratibu katika uponyaji huo.

Jumuiya zetu zinajua kazi hii. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka wa 1999 chini ya CEPAC, inaunganisha matibabu ya mwili, ya moyo, msaada wa sheria na wa kujitegemea. Lakini mtu wa kijiji cha mbali hafiki Panzi, na tangu Marekani iliposimamisha misaada yake mingi mwanzoni mwa 2025, miradi mingi imefungwa ao imepunguzwa. Hatuwezi kungojea.

Kila parokia ichague watu wawili ao watatu wenye kuaminika, iwatume kufundishwa katika hospitali ao shirika lenye wanasaikolojia, na isiwaache bila msimamizi. Itenge chumba na saa moja, hata siku ya posho mchana. Siri ya mtu isigeuzwe kuwa ushuhuda wa madhabahuni. Mwenye kutaka kujiua, ao aliyepotewa na akili, apelekwe kwa muganga siku hiyohiyo, na mchungaji amsindikize. Na wachungaji wenyewe, ambao wamezika wengi miaka hii, wasione haya kuketi upande ule mwingine wa meza.